Jina Nililompa Askari

Cheti changu cha tabia njema kilitoka safi, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Nilikuwa nimekihangaikia wiki tano nzima. Mara ya kwanza mashine ya alama za vidole ilikuwa mbovu. Mara ya pili mashine ilikuwa nzima, ila mwenye ufunguo wa chumba alikuwa likizo. Mara ya tatu askari wa zamu alinibinya kidole gumba kwenye kioo, akakifuta kwa kitambaa, akakibinya tena, kisha akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia nauza raba za mitumba, nazisugua kwa brashi na sabuni ya unga kila siku ya Mungu. "Ndiyo maana," akasema. "Vidole vyako vimelika, mama. Kapake mafuta, urudi Alhamisi." Nikapaka mafuta mpaka nikawa naangusha vikombe. Alhamisi mashine ikanikubali, na siku kumi baadaye nikapewa karatasi yenye muhuri ikisema sina rekodi yoyote ya uhalifu.

Mume wangu alipiga kelele za furaha kwenye simu. Yuko ng'ambo mwaka wa nne sasa, anapanga maboksi kwenye ghala, na ombi la viza yangu ya mke lilikaa kwenye foleni ya ubalozi miaka mitatu kabla ya mtu kulifungua. Yalibaki mahojiano tu, tarehe kumi na tisa. Nikapeleka cheti. Ubalozi ukajibu kwamba kuna mgongano.

Mgongano wenyewe niliuleta kwa mkono wangu. Kwenye fomu ya viza kulikuwa na swali: je, umewahi kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani? Nikaweka alama kwenye "Ndiyo". Mume wangu ndiye aliyesisitiza. "Hao watu wakikukuta na uongo mmoja tu, umefungiwa maisha," aliniambia. Na kweli niliwahi. Miaka minane nyuma, nikiuza raba kando ya barabara, askari wa jiji walinivamia, na mmoja aliponipokonya gunia nilimpiga usoni na raba, namba arobaini na tatu. Nikashtakiwa kwa kufanya biashara bila kibali na kumshambulia askari. Nikalipa faini, na kesho yake nikarudi barabarani.

Sasa ubalozi ukasema: cheti kinasema hivi, fomu inasema vile, kwa hiyo lete nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama. Ukija bila hiyo, jalada lako linarudi mwisho wa foleni. Nilisoma barua ile mara tatu, nikataka kuirarua kwa meno. Watu wanahonga ili kesi zao zipotee, mimi nazunguka mjini nikiomba kesi yangu ionekane!

Mahakama ya jiji walinipiga danadana siku mbili. Dirisha namba tatu likanituma namba saba, namba saba wakanituma kwa msajili, msajili akaniuliza nani kanituma kwake. Mwishowe nikashushwa kwenye ngazi za chini, kwenye masjala ya majalada ya zamani. Chumba hakina dirisha. Majalada yamefungwa kwa kamba ya katani, yamepangwa mpaka darini, na chini ya bomba linalovuja pamewekwa ndoo. Karani wa masjala alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Nikampa jina langu na mwaka. Akapotea katikati ya rafu, akarudi baada ya nusu saa akipiga chafya.

"Hupo."

"Nipo, mzee. Nilisimama hapo juu mbele ya hakimu, nikalipa faini."

"Mwaka huo wote nimepitia. Hupo."

Nikapandisha mori. Nikamwambia kwamba nimechoka na nchi hii na makaratasi yake, kwamba walipokuwa wanataka faini yangu walinijua vizuri sana, na kwamba sitoki humo ndani mpaka hatia yangu ipatikane. Mzee akanisubiri niishiwe pumzi. Kisha akavua miwani.

"Binti, ulikamatwa ukichuuza, siyo? Uliwapa jina gani?"

Nikaiangalia ile ndoo chini ya bomba.

"Wachuuzi wote wa miaka ile nawajua," akasema. "Hakuna aliyekuwa anatoa jina lake. Nusu yao humu ni marehemu. Kuna mwalimu mkuu mmoja amehukumiwa mara kumi na moja kwa kuuza soksi, na nadhani mpaka leo hajui."

Ni kweli ilikuwa kawaida yetu. Ukikamatwa, jina lako unaliacha barabarani, unataja lolote linalokujia mdomoni, na faini ikishalipwa unasahau. Mimi nilisahau kabisa. Lakini pale, mbele ya yule mzee, nilikumbuka jina lililonijia mdomoni siku ile.

Lilikuwa jina la wifi yangu.

Wiki ile tulikuwa tumegombana, mimi na dada wa mume wangu. Alisema mbele ya wageni kwamba kaka yake ameoa gunia la viatu, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao huku roho inaniuma. Siku chache nyuma nilikuwa nimemsaidia kujaza fomu ya mafunzo ya kulea watoto, kwa hiyo kila kitu chake nilikuwa nacho kichwani. Askari alipouliza, nikamwaga: majina matatu, mwaka wa kuzaliwa, jina la baba, mtaa. Niliona nimemkomesha. Jioni yake nilishajicheka, na mwezi uliofuata tulikuwa tunasukana nywele.

Nikamtajia karani jina lile kwa sauti ndogo. Hakwenda hata kwenye rafu. Alilitoa jalada kwenye droo ya meza yake.

"Hili limeshaitishwa," akasema. "Miaka miwili iliyopita polisi waliliomba, kuna mwanamke alikuwa anatafuta cheti cha tabia njema. Alikuja mwenyewe hapa. Alikaa hapo ulipokaa, akalia, akaapa hajawahi kukamatwa maisha yake. Sikulirudisha rafuni, nikasema labda siku moja mwenyewe atatokea."

Mwanamke huyo namjua vizuri. Alikuwa amepata kazi kwenye shule ya watoto wadogo, kazi aliyoisomea, na walikuwa wameshampimia sare. Cheti kilipokuja na kesi ya kumshambulia askari, shule ikamwambia mtu wa namna hiyo hawezi kukaa na watoto. Tangu hapo anafua nguo nyumba za watu. Lakini hilo halikuwa kubwa kuliko la baba mkwe. Mzee yule aliyelinda reli miaka thelathini hana mali nyingine zaidi ya jina lake, na lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ile, chini ya jina la binti yake. Wifi alimwapia kwa machozi kwamba si yeye. Mzee akamjibu, "Ungekubali tu, ningekusamehe. Kinachonichoma ni kunidanganya usoni." Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Wifi, kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Kiri tu yaishe." Wala sikuunganisha kesi yake na raba yangu. Tangu siku ile baba mkwe hajala chakula alichopika binti yake.

"Sasa?" nikamuuliza karani.

"Sasa una njia mbili. Ya kwanza, nakuandikia barua hapa hapa: tumetafuta rekodi kwa jina lako, hatukuiona. Si uongo. Nimewaandikia wengi, ubalozini wamepita. Ya pili, unapanda juu kwa hakimu, unaapa kwamba aliyeshtakiwa ni wewe. Jalada linasahihishwa, mwenzako anasafishwa. Ila kumdanganya askari jina nako ni kosa. Hakimu akiamua, unafunguliwa shauri jipya, na ukiwa na shauri hakuna ubalozi utakaokugusa."

Nikachukua barua. Sitaki kujipamba. Niliichukua kwa mikono miwili, nikasema ahsante mzee, nikapanda ngazi mbili mbili.

Nikampigia mume wangu nikiwa kwenye geti la mahakama. Nikamweleza yote, hata lile gunia la viatu. Akauliza, "Barua unayo?"

"Ninayo."

"Basi njoo. Mambo ya dada tutayaangalia baadaye."

"Baadaye lini? Tukiwa huko?"

"Mke wangu, miaka mitatu nimelala peke yangu. Dada amesubiri miwili, hawezi kusubiri kidogo tena?"

Nikakata simu. Nilimkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyetaja jina lile kwa askari, na huku nampigia kelele moyoni, bahasha nilikuwa nimeibana kwapani isije ikaanguka.

Jumamosi wifi alikuja kibandani ninapouzia raba siku hizi. Tulikuwa tumekubaliana nikiondoka nimwachie biashara, apumzike kufua. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kuzipanga raba kwa namba, akiniuliza ipi inatoka haraka na wateja gani ni wasumbufu. Alikuwa na furaha kuliko mimi. Akaniuliza kama mahakamani wamenipa nilichotaka, nikasema ndiyo. "Afadhali," akasema. "Mimi pale walinitesa, wifi. Kuna kibabu kule chini, nilimlilia mpaka akaniletea maji."

Nikashindwa. Nikamwambia, nikiwa nimeshika brashi, bila kumwangalia.

Hakupiga kelele. Kelele ningeziweza.

"Majina yote matatu?" akauliza.

"Yote."

"Na la baba?"

"Na la baba."

Akairudisha raba aliyokuwa ameishika mahali pake, akavuta ya pili yake ikae sawa. Nikamtolea bahasha, nikamweleza njia mbili za karani, nikamwambia tarehe ya mahojiano. Nilitaka aniambie nisiende. Nilitaka anishike nguo, anitukane, anizuie kwa nguvu, ili nikikosa safari niwe na mtu wa kumlaumu. Aliniangalia tu.

"Safari ni yako, mume ni wako," akasema. "Mimi nitakuzuia kwa lipi?" Akavaa ndala zake, akaondoka, na hakuuliza tena habari za kibanda.

Jumapili sikula. Jumatatu nikapeleka barua kwa karani, nikaiweka mezani kwake, nikamwambia nataka njia ya pili. Alinitazama kupitia miwani yote miwili.

"Una hakika?"

"Usiniulize mara mbili, mzee, nitakimbia."

Hakimu alikuwa kijana kuliko mimi, nikasimama mbele yake nikisema mambo ya aibu kwa sauti. Wifi aliitwa, akaja na nguo za kufulia, mikono bado na unyevu. Alikaa mwisho mwingine wa benchi. Hakimu aliandika muda mrefu, akaamuru jalada lisahihishwe, akanisema kwa nusu saa, kisha akanifungulia shauri la kutoa taarifa za uongo. Litatajwa tarehe ishirini na sita. Nikamwambia mheshimiwa, tarehe kumi na tisa nina mahojiano ubalozini. Akaniambia nijibu kwenye fomu yao kwa ukweli.

Nikamtumia mume wangu ujumbe. Ulisomwa. Nikapiga mara nne, simu ikaita mpaka ikakatika.

Pale nje wifi alikuwa ananisubiri, ameshika nakala ya hati ya kiapo yenye muhuri mbichi. Nilidhani anataka kunipiga, na nilikuwa tayari kupigwa.

"Twende kwa baba," akasema. "Macho yake hayaoni tena maandishi. Utamsomea wewe."

Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani, redio mapajani. Alitambua hatua zangu, akanikaribisha, akaniuliza nasafiri lini. Hatua za binti yake alizitambua pia, nazo hakuzisemesha. Nikazima redio. Nikafungua karatasi, nikaanza: mimi, mwanamke mzima mwenye akili timamu, naapa na kuthibitisha kwamba. Hapo nikakwama. Neno lililofuata lilikuwa jina langu, na ulimi ulikataa katakata. Nikaliruka, nikaendelea na mstari wa chini, nikisoma haraka haraka.

"Rudi juu, wifi," akasema nyuma yangu, taratibu. "Langu alilisikia lote. Msomee na lako."