Unyoya Uliokatwa Mshazari

Ncha ya unyoya ilikuwa imekatwa mshazari. Hilo ndilo Umwali aliloliona kwanza, kabla macho yake hayajazoea kioo kidogo cha kamera: unyoya mweusi umejaa kioo kizima, nyuzi zake zimelala kama nywele zilizopakwa mafuta, na mwishoni, mahali ambapo zingechongoka zenyewe, wembe umepita.

"Umeona?" Olga aliuliza. Alikuwa mpiga picha wa ndege kutoka Goma, na Umwali alikubali kumwonyesha njia ya kushukia kwenye matete, chini ya mji wa Mweso. "Miye nilitafuta rangi tu. Kumbe kuna mutu anamukataka mabawa huyu musambi."

Ng'ambo ya maji, musambi huyo, yaani korongo, alikuwa amekunjua mabawa kulipokea jua la asubuhi. Kwa macho matupu alikuwa doa tu lenye taji la manjano. Lenzi ile ndefu ilimleta karibu, karibu kuliko Umwali alivyotaka.

"Sogeza kidogo, dada," alisema kwa sauti ya chini.

Olga akabonyeza. Unyoya uliofuata ulikuwa mzima. Wa baada yake umekatwa. Kisha mzima tena.

Umwali aliujua mkato huo. Kwao Burungu, kabla hawajakimbia vita, korongo waliishi uani pamoja na ndama, na kila mfugaji alifyeka bawa zima. Kaka yake, Semana, peke yake ndiye aliyekata mmoja na kuacha mmoja. "Aruke mpaka juu ya nyumba," alikuwa akisema, "aone mbali, kisha njaa imurudishe." Majirani walimcheka: "Semana, unamufuga ao unamuaga?" Naye alicheka nao. Kila ndege alipopukutisha manyoya, alichukua wembe akaanza upya.

Umwali akakisogelea tena kioo. Manyoya hayadumu. Yale aliyoyakata Semana kabla hajarudi Burungu kutafuta ng'ombe waliobaki na kupotea huko, yalikwisha kuanguka na kuoza zamani. Mkato huu ulikuwa mpya. Uti wake ulikuwa bado mweupe.

"Anatokaka upande gani?"

Olga alinyoosha kidevu kuelekea vilima ambavyo watu wa Mweso hawakuvipanda tena, kwa kuwa wenye bunduki ndio waliokaa huko. "Asubuhi anashuka, jioni anarudia kule. Unamujua?"

"Hapana," Umwali alisema. Kisha akaomba picha ile itiwe katika simu yake.

Alimkuta mama yake, Nyiramahoro, akichambua maharage mlangoni. Mama huyu alikwisha kumaliza kilio cha mwanawe. Mchungaji aliomba pasipo mwili, na buti za mpira za Semana akapewa jirani yao Ndayambaje, zisikae tena pembeni mwa mlango kana kwamba zinangoja mtu. Tangu siku ile jina lake halikutajwa ndani ya nyumba.

Nyiramahoro aliishika simu kwa muda mrefu. Kidole chake kilipoufuata mkato, picha ikakua ghafla, naye akashtuka kama aliyepuliziwa pumzi usoni.

"Ni ndege," alisema.

"Mama, angalia muzuri. Kamoja kamekatwa, kamoja kamebaki."

"Nimeona. Unafikiri sina macho?" Akailaza simu kifudifudi juu ya maharage.

Buti za mpira zikapita njiani, zikilamba matope. Alikuwa Ndayambaje. Wote wawili walijua ni yeye, na bado wote wawili walingoja mpaka zikanyamaza.

"Kama iko muzima, mutoto wangu," mama akanong'ona, "iko kule na nani? Anakula ya nani? Na ule mukono unakata manyoya, unakataka nini tena?"

Umwali akaichukua simu kutoka juu ya maharage. Siku ya kilio, wanawake walipomwomba Mungu ampokee Semana, yeye alichezesha midomo tu, huku tumboni akiomba jambo lingine. Alilificha humo msimu baada ya msimu, akiwaonea haya wajane waliofiwa kwa sababu ya watu wa vilima vile. Sasa lilipanda lenyewe mpaka kooni.

"Hata kama iko nao, Mama," alisema. "Hata kama mikono yake iko na damu. Miye nataka arudi."