Kaunta ya Majivu

Wakubwa wana huruma ya ajabu. Mwaka huu wameanza kuihurumia hewa ya dunia.

Karakana yetu inamimina kaunta za jikoni za zege. Mke wangu alichekecha saruji hapo miaka kumi na mmoja, kitambaa puani, mpaka kifua kikajaa vumbi nikamzika. Bosi alileta maua ya plastiki. Barakoa hakuleta. Nafasi ya mama akampa binti yetu, na binti, kichwa kigumu kama marehemu, akaipokea.

Ndipo akaja injinia, viatu vinang'aa kuliko akili.

"Saruji inaichafua hewa," akatuambia. "Kuanzia leo nusu saruji, nusu majivu ya tanuri. Chupa zilizovunjika tutazisaga ziwe kokoto. Jiko la kijani!"

"Kijani kipi, na majivu ni ya kijivu?" nikauliza. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Lakini majivu ni mepesi kuliko saruji. Ukiyachekecha makavu yanapanda kama moshi. Jioni ile binti yangu alirudi na nyusi za bibi kizee. Tukiwa tunakula akakohoa. Kikohozi kile nakijua. Nimelala nacho kitanda kimoja.

"Acha kazi, mwanangu," nikamwambia.

"Nikiacha tutakula vumbi, baba?"

"Kwani sasa unakula nini?"

"Mama alivumilia."

"Na yuko wapi?"

Akainuka, akaiacha sahani.

Kesho yake nikamwomba injinia barakoa, na mpira wa maji wa kulowesha majivu. "Mzee, hayo ni ya mwakani," akasema. "Wewe mimina zege. Utaalamu tuachie wenyewe."

Haya. Nikawaachia.

Kaunta ya kwanza ya majivu iliandaliwa kwa wageni kutoka makao makuu. Zege la saruji tupu tunalitoa kwenye boksi la kumiminia siku ya tatu. La majivu linachelewa kukaza. Mimi na binti tulikuwa tumemimina kipande cha kujaribia, tukakifunika gunia bichi. Siku ya tatu kilikuwa bado kinachubuka kwa ukucha. Injinia akaamuru, "Siku ya tatu mtoe, kama kawaida." Nikafungua mdomo. Nikamkumbuka marehemu alivyokuwa akitafuta pumzi, nikaufunga. Humu zege likivunjika, wa kwanza kulaumiwa ni mchekechaji. Mama yake binti alilaumiwa mara mbili. Nilijua, na ndicho nilichotaka.

Wageni wakaja. Tukashika watu wanne, tukainua. Kaunta ikakatika katikati kama biskuti iliyoloa, kona ikaangukia kiatu kinachong'aa.

"Nani kachekecha majivu haya?" bosi akafoka.

Binti yangu akanyoosha mkono. Akanitazama, akisubiri nikitaje kile kipande. Nikatazama sakafu.

"Vua aproni, nenda! Usirudi!"

Injinia hadi leo hajui kilichoivunja. Asiniulize mimi, si ana utaalamu?

Wiki ya tatu sasa binti hanisemeshi. Ananiwekea chakula kwa kishindo, ananipa mgongo. Jana asubuhi ndipo akafungua kinywa.

"Umeniuza mbele za watu, baba, na mdomo unao!"

Aliyasema yote kwa pumzi moja, kwa sauti kali, bila kukohoa hata kidogo. Nikamwambia arudie.