Vumbi la Pembeni

Mwanga wa asubuhi uliingia chumbani kwako, mama, ukaliangukia vumbi lililolala kando ya ukuta. Katikati pamefagiliwa pakang'aa, pembeni, vumbi. Wewe, uliyekuwa ukinizuia mlangoni kwa ajili ya viatu tu! Nikakutania kwamba umeanza uvivu. Ukanijibu kwamba mafagio ya siku hizi hayana nguvu.

Haukuwa uvivu, mama. Glakoma ndivyo inavyokuja: presha inapanda ndani ya jicho, haibishi hodi, haiumi, inakula mshipa wa kuonea taratibu, na inaanzia pembeni.

Na kazi yangu ndiyo hiyo. Nimezeekea maabara nikisaka tone la kuishusha presha hiyo. Nimepima macho ya sungura, nimepima ya watu, nimeshangilia namba iliyoshuka kidogo tu, nimekosa usingizi kwa iliyopanda. Mtoto wako ni mtu wa matone, mama. Maisha yangu yote yanaenea kwenye kichupa kisichojaa kiganja.

Kilichokwenda hakirudi, daktari wako alisema, tulinde kilichobaki. Nikakuletea dawa tuliyoihangaikia miaka. Ukaitia asubuhi na jioni, hukukosa. Presha haikushuka. Daktari akaanza kutaja upasuaji. Nikarudi maabara nimenywea, nikaikagua dawa upya, nikaona haina kosa. Niliogopa, mama. Niliogopa utaondoka hujui uso wangu umezeekaje.

Ndipo siku moja nikakaa kitandani kwako nikutazame ukiitia. Ukainua kichwa, tone likaingia barabara. Ukapepesa, ukapepesa, ukameza mate, ukatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi.

"Imeingia, mwanangu. Naisikia chungu mpaka kooni."

Chungu kooni! Ulinilea ukiamini dawa ya kweli lazima iwe chungu. Kumbe kila ulipoufurahia ule uchungu, dawa ilikuwa imelitoroka jicho, imepenya kitundu cha machozi kando ya pua, imeteremkia tumboni. Nikacheka, kisha nikalia, nawe ukaniuliza nani amekufa.

Funga jicho, mama. Bonyeza hapa, kando ya pua. Usipepese. Polepole. Nikakiweka kidole changu juu ya chako, tukatulia pamoja, kama ulivyonishika mkono nikijifunza kuandika. Hukusikia uchungu wowote, ukalalamika kwamba dawa imeisha nguvu.

Presha ikashuka. Ikakaa. Kilichokwenda hakikurudi, kilichobaki kipo, tundu dogo la kuonea katikati, nami kila nikija nakaa mbele yako, nienee humo.

Asubuhi mwanga unaingia tena. Unafagia katikati, hutaki kusaidiwa. Ukisimama kupumzika, unanikazia macho.

"Una mvi," unasema.

Ndiyo, mama, nina mvi. Unacheka, unakwenda kuosha uso. Nami nauchukua ufagio, nafagia pembeni, taratibu, usisikie.