Sauti Ghafi

Fundi sauti wa redio alikuwa ameshamwambia shangazi yake: Jumamosi anafunga virago. Mume unamwita weee, anakupa kisogo, halafu rafiki yake akipita dirishani na kutupa neno moja tu, huyo kaangua kicheko! Hiyo kama si dharau ni nini? Shangazi alimsihi apunguze moto, akajibiwa kwamba subira huvuta heri kwa wenzake, yeye imemvutia shari.

Ndiyo maana asubuhi ile kiti kilikuwa na miiba. Anakaa, anainuka, anafungua dirisha, analifunga. Na kazi yenyewe yataka mtu aliyetulia. Watu huleta sauti za kila namna, nyingine zimebanwa kwenye simu mpaka zinakwaruza, na mashine ya kurushia matangazo ina maringo yake: haili ila WAV, sauti isiyobanwa, yenye vipimo elfu arobaini na nane kila sekunde. Kila kinachoingia lazima akigeuze kwanza.

Mchana kulikuwa na kipindi cha watu wanaotoa ya moyoni bila kujulikana. Mtangazaji alikuwa ameleta ushuhuda mmoja, sauti ameshaikimbiza ikawa nyembamba ili mwenyewe asitambulike. Ila faili lilikuwa ghafi, halisemi lina vipimo vingapi, ni wewe uiambie mashine. Ukitaja vingi kuliko vyake, babu anaongea kama kifaranga. Ukitaja vichache, mtoto anaota besi. Mtangazaji alikuwa ameandika idadi kwenye ujumbe, lakini fundi wetu, akili yote iko kwenye masanduku, akaingiza nyingine iliyo ndogo.

Sauti ikashuka. Ikashuka mpaka mahali pake hasa, na hapo alikuwapo mumewe, seremala, anazungumza taratibu.

"Msumeno umenila masikio. Wanaume wenzangu bado nawasikia, wana sauti nzito. Ya mke wangu ni nyembamba, ndiyo iliyotangulia kupotea. Naona midomo inacheza tu. Na yeye kazi yake ni sauti, nitamwambia nini? Najifanya nina shughuli."

Jamani! Kwanza alipandwa na hasira. Mtu mzima anaona heri auambie umma mzima kuliko kumwambia mkewe! Kisha hasira ikamgeukia mwenyewe, maana aliyakumbuka yote aliyoyasema nyuma ya kile kisogo, gogo wewe, jiwe wewe, na machozi yakamtoka bila breki. Alitaka kukimbia saa ile ile. Lakini siri ya mtu ni siri ya mtu. Akasahihisha idadi, akamrudisha mumewe ukifarangani, akageuza faili kuwa WAV, akalipeleka linakotakiwa. Ilibidi asikilize mpaka mwisho kuhakikisha halikwaruzi, akaona mwisho wenyewe haufiki.

Kazi ilipoisha hakupita nyumbani. Alimkuta mumewe karakanani, amempa mgongo, mashine ya kuranda inanguruma na maranda yamemjaa nywelini. Mdomo ulishafunguka kumwita kama kawaida yake, akaufunga. Akalizunguka lile benchi, akasimama mbele yake.

Seremala alizima mashine. Uso wake ulijikunja kama wa mtu anayengojea ugomvi, na macho yakaanza kutafuta shughuli yoyote ile, msumari, penseli, chochote.

Mkewe akaivuta sauti kutoka chini tumboni, nzito, ya kukwaruza, hata yeye mwenyewe aliionea haya.

"Mume wangu. Twende wote kwa daktari wa masikio."

Ubao ulimponyoka seremala mkononi. Alimtazama mkewe.

"Nani kakwambia?"

Angeweza kumtaja jirani, au kusema amehisi tu. Lakini alikuwa amechoka kukosana naye kwa mambo ya kufichana.

"Wewe mwenyewe," alisema, na akarudia polepole mpaka alipoona amesikia.