Uzi wa Kofia ya Mzee Jaafar

Kisu cha pili kilipopiga yowe na kufuka moshi, Mzee Jaafar alizima mashine ya kerezo, akakohoa kama mtu aliyevunjiwa heshima mbele ya wakwe.

Mhimili aliokuwa akiukereza ulikuwa wa kuzungushia rafadha ya boti ya Swabir, bwana harusi wa kesho kule Vanga. Chuma chake kilikuwa stenlesi, kile kisichoshika kutu, kipande cha pekee, na unene wa ziada ulitosha kupitishwa kisu mara moja tu. Kikiharibika, Msambweni nzima hapakuwa na kingine.

"Mzee wangu, boti isipopona nikaenda kwa pikipiki njia ile," Swabir alilalama mlangoni, "kanzu yangu itafika rangi ya tope!"

"Kaa kitako. Bibi harusi hakimbii."

"Na baba yake je, ataningoja?"

Twaiba, mjukuu wa mzee, aliyekuwa amehitimu juzijuzi chuo cha ufundi, aliangua kicheko.

Jaafar alikuwa amekereza vyuma vya kiwanda cha sukari tangu ujana wake, na desturi yake haikubadilika: akishasema Bismillahi, hukigusisha kisu kwa upole, kikipapase chuma kwanza, ndipo kikate. Aliiita adabu ya kazi.

"Babu, adabu hiyo ndiyo inayotuponza," Twaiba alisema kwa sauti ya chini. "Stenlesi ukiipapasa, ngozi yake hujikaza ikawa ngumu zaidi. Kisu husugua badala ya kukata, mwisho kikaungua. Tupunguze mzunguko, kisu kizame chini ya ngozi hiyo, kisha kisisite hata kidogo. Na maji ya kupoza yasikatike."

"Nikizamishe, na unene uliobaki ni wa ukucha?"

"Nitakizamisha mimi, Babu."

Mzee alikitazama kisu cha mwisho kiganjani mwake. Akamkabidhi.

Twaiba alipunguza mzunguko, akafungulia maji, kisu kikaingia bila kubisha hodi. Jaafar alifumba macho akasikiliza. Yowe halikuja, ulikuja mngurumo wa paka aliyeshiba. Alipofumbua macho, vipande vya chuma vilivyojisokota vilikuwa vikianguka chini, na mhimili uking'aa nyuma ya kisu.

Ikabaki hukumu. Mzee alivua kofia yake, akachomoa uzi pindoni mwake, akauzungushia mhimili, akauvuta kutoka ncha hadi ncha. Uzi ukinasa popote, kazi hukataliwa. Hata mwanawe wa kumzaa hakuwahi kusamehewa.

Uzi ukateleza. Akaurudia, akisingizia macho mabovu. Ukateleza tena.

"Chukua, ukaoe," alimwambia Swabir, akijizuia kutabasamu. "Na wakikuuliza huko Vanga nani aliyekereza, sema ni mjukuu wa Jaafar."

"Nina jina, Babu!"

Mzee akaivaa kofia yake iliyofumuka pindo, akaiweka sawa.

"Sema ni Twaiba," alisema. Kisha, Swabir alipokwisha kufika barabarani, akamwitia kwa sauti iliyosikika hadi sokoni: "Mjukuu wa Jaafar!"