Gundi Haikumsubiri Ezron

Mzee Ambindwile alikoroga gundi saa nne asubuhi kwa sababu mwanawe, Ezron, alimwahidi kuwa saa nne atakuwa amesharudi kutoka Mbeya. Kumwamini Ezron kwa habari ya saa ni kosa ambalo mzazi tu ndiye anayeweza kulifanya. Gundi yenyewe ilikuwa ile ya unga, ya kuchanganya na dawa yake, na ikishachanganywa haina urafiki na mtu: ukichelewa inakuwa jiwe. Lilikuwa kopo la mwisho dukani kwa Mansuri.

Tangu biashara iachiwe huru, maduka ya mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu, yalikuwa yamejaa vitu ambavyo zamani mtu alivisikia tu, plaiwudi ikiwemo. Uhuru huohuo ndio uliouza kiwanda cha chai alichofanyia kazi mzee, na yeye akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Mkewe alishafariki, basi akahamia kwa mwanawe na sanduku la vifaa vya useremala na wazo moja kichwani: kuunda boti, aiteremshe Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa kaka yake, akaishi huko kwa uvuvi.

Hakuna aliyeitaka boti hiyo kuliko Tulia, mke wa Ezron. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, wala hakutani naye njiani. Wengi mjini walishaiacha mila hiyo. Mzee Ambindwile hakuiacha, kwa hiyo Tulia naye akabaki nayo. Mzee akitaka kupita uani, alikohoa. Tulia akisikia kikohozi aliacha mboga motoni, aliacha nguo kwenye beseni, akakimbilia jikoni au nyuma ya migomba. Uani kwake mwenyewe, anafukuzwa kama kuku wa jirani. Boti ikiisha, mzee ataondoka, na yeye atafua nguo zake mpaka mwisho.

Sasa boti ilikuwa ndefu kuliko plaiwudi moja, ikabidi plaiwudi mbili ziungwe. Mzee alikuwa amezipiga randa ncha zake mpaka zikawa na mteremko mrefu, ili moja ilale juu ya nyingine bila kuacha nundu. Kibaraza kilikuwa chembamba, hakikutosha kuzilaza, akazisimamisha kwa ubavu kama ukuta. Kuziunga hivyo kulitaka watu wawili, mmoja kila upande, wazibane kwa pamoja.

Saa nne ikapita. Mzee alichungulia barabarani, akachungulia kopo. Kisha akasema kwa sauti, akiitazama plaiwudi:

“Wewe plaiwudi, gundi inaganda. Kama kungekuwa na mtu wa kukushika upande wa pili, mimi nisingemwona.”

Tulia, jikoni, aliwaza kidogo tu. Plaiwudi ikiharibika, mzee atakaa mwaka mwingine. Akajitanda kanga mpaka usoni, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama upande wa pili wa ule ukuta wa mbao. Akagonga mara moja.

“Ndaga, plaiwudi,” alishukuru mzee kwa Kinyakyusa. “Chukua kipande cha ubao hapo chini, ukiweke kwenye kiungo, usukume.”

Tulia akasukuma. Mzee naye akasukuma kwa bega. Gundi ikatokeza kwenye mstari, na kwa muda mambo yakaenda vizuri. Kisha Tulia akaona kitu ambacho mzee, akiwa upande wake, hakukiona: ile miteremko miwili iliyopakwa gundi ilikuwa inatelezeana polepole, kila plaiwudi inarudi ilikotoka. Akagonga. Mzee akazidi kusukuma, na ndivyo ilivyozidi kuteleza.

“Baba, inateleza!”

Mzee akaacha kusukuma, akashikilia tu. Ilikuwa mara ya kwanza mzee kuisikia sauti ya Tulia ikielekezwa kwake.

“Inataka misumari,” alisema mzee, safari hii si kwa plaiwudi. “Nyundo na misumari viko miguuni kwangu na mikono yangu siwezi kuiachia. Njoo, mwanangu. Nimefumba macho.”

Tulia akachukua mchi wa kinu uliokuwa kibarazani, akaukaza kati ya ukuta wa nyumba na plaiwudi ushikilie upande wake, akazunguka. Mzee alikuwa amefumba kweli, kope zimekazwa kama mtoto anayelazimishwa kulala. Tulia akaokota nyundo, akapigilia msumari wa kwanza karibu na vidole vya mzee. Mzee hakutikisika. Akapigilia wa pili. Hapo ndipo alipomtazama, kwa kuwa hakuna aliyemwona akitazama. Alikuwa amekonda. Kidevu kilikuwa kile kile cha Ezron, ila kimechoka.

“Nitaondoka kabla ya masika,” alisema mzee. “Najua umechoka kukimbia uani kwako.”

Tulia aliona aibu. Maneno hayo aliwahi kumwambia Ezron tu, chumbani, kwa kunong’ona, na ukuta wa chumba hicho ulikuwa wa mbao nyembamba. Akapigilia msumari wa mwisho. Kiungo kikatulia, hakikwenda popote.

“Imeshika, baba,” alisema. Kisha, kabla hajajizuia: “Fumbueni macho. Haya mambo tuyaache. Mkae tu.”

Mzee akaachia mikono taratibu, akasimama wima, macho bado yamefungwa, uso umeelekea kule ilikotoka sauti.

“Hapana, mwanangu. Kazi wamechukua. Nyumba ni ya Ezron. Heshima yako kwangu na yangu kwako ndicho kitu nilichobaki nacho. Tangulia wewe jikoni.”

Tulia akainama. Aliiweka nyundo chini pale mkono wa mzee utakapoifikia. Akavuka uani kwa hatua za kawaida, bila kukimbia, akaingia jikoni, na mlango akaubamiza kwa nguvu, ili mzee asikie na afumbue macho.