Jina Lililofutwa kwenye Kiraka

Kagabo ndiye aliyeliona tatizo, si mimi. Niseme hivyo mapema, maana nimechoka kupongezwa.

Tulisoma pamoja kompyuta Bukavu, yeye mtoto wa wafugaji wa Bibokoboko, mimi Mbembe wa hapa Baraka. Baadaye alirudi milimani kwa ng'ombe wa baba yake, mimi nikapata kazi kwenye kituo cha kompyuta cha Eugène. Huko juu alikuwa akisoma msimbo wa kiini cha mfumo endeshi, ulio wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akipanda kilima kutafuta réseau, yaani mtandao.

Aliishughulikia sehemu inayofunga kumbukumbu. Programu inayoshika neno lako la siri huomba kumbukumbu yake ifungwe, isihamishiwe kwenye diski ambako mwizi anaweza kuisoma. Kazi hiyo ilikuwa na njia mbili, kila moja na ukaguzi wake, zote zikifanya jambo lile lile. Kagabo akaziunganisha. Mistari mia mbili ikabaki sabini. Alinisomea kwa simu siku nne, nami nikachapa na kujaribu, kwa sababu mashine ilikuwa kwangu.

Mabadiliko kama hayo huitwa kiraka, hutumwa kwa wasimamizi wa kiini, na chini yake waandishi wote hutia majina yao. Nikaandika lake, kisha langu. Eugène akapita nyuma yangu.

"Ketsia, hiyo jina ya bantu ba kule yulu, toa. Inaenda na adresse ya kituo yangu. Vita haiyaisha, bantu batasema nini juu yangu?"

Watu wa kule juu ni kina Kagabo, ambao watu wetu wanapigana nao. Ningeweza kukataa. Nilikuwa hata na anwani yangu mwenyewe ya barua pepe, ningetuma kwa hiyo. Nikalifuta. Nikajidanganya kwamba nitalirudisha kwenye toleo la pili. Wasimamizi wakadai kweli toleo la pili, nikalituma hivyo hivyo. Mwoga mimi, na sitafuti neno zuri zaidi.

Kiraka kikapokelewa. Kikishaingia huko, majina yaliyo chini yake hayabadilishwi: kila atakayefungua historia ya kiini atamkuta Ketsia peke yake. Eugène akanunua soda, bamama wa kanisa wakanishika mkono. Kagabo akapiga simu.

"Nimeona," akasema, basi. Heri angenitukana.

Mwezi uliofuata msimamizi wa sehemu ile, mtu wa mbali nisiyemjua sura, aliniandikia. Kuna mashine zinakwama tangu kiraka kiingie. Nieleze kwa nini ukaguzi wa pili haukuhitajika, la sivyo Ijumaa anakiondoa kiraka chote. Nikaisoma mistari "yangu" asubuhi nzima. Sikuweza kueleza kitu. Nilichojua ni kuchapa.

Nikampigia Kagabo. Nilidhani atakata. Hakukata. Akauliza mashine gani zinakwama, kisha akanionyesha kosa liko wapi: halikuwa kwetu kabisa, lilikuwa kwenye programu nyingine iliyokuwa ikifungua kumbukumbu isiyo yake. Akanieleza pia kwa nini ukaguzi mmoja ulitosha, akarudia mara mbili, polepole, hadi nikaelewa.

"Safari hii nitakutaja, Kagabo. Naapa."

"Usinitaje. Batakuuliza mi niko nani, na Eugène akiwa hapo nyuma yako, utajibu nini?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Umeandika yote?"

"Nimeandika."

"Basi tuma."

Nikatuma bila kumtaja. Kiraka kikabaki. Na niseme ukweli: aliponikataza, nilishukuru.